Kusoma uso wa tone la maji ya ziwa kwa leza: mwongozo kwa klabu za sayansi Mwanza

Chukua mililita moja ya maji. Yakikaa kama tone moja la mviringo, uso wake wote hauzidi sentimita 5 za mraba. Yapulizie yawe rasharasha laini, kila kitone kikiwa na nusu kipenyo cha mikromita 1 (sehemu ya elfu ya milimita), na uso wa maji hayo hayo unafika mita 3 za mraba, eneo la mkeka mkubwa. Kiasi cha maji hakijabadilika, ila sasa sehemu kubwa zaidi ya molekuli zake inagusana na hewa. Huko kwenye mpaka wa maji na hewa ndiko mafuta hujipanga, sabuni hukusanyika na mabaki ya mwani hujibanza. Wimbi la Ziwa Victoria likipiga miamba ya Capri Point, vitone vinavyorushwa hewani vinaondoka na mzigo huo usoni mwao.

Wanasayansi wanaochunguza kemia ya uso wa vitone hutumia leza za gharama kubwa sana. Hata hivyo, sehemu ya swali wanalouliza, yaani uso wa tone umebeba nini, inaweza kujibiwa na wanafunzi wa sekondari hapa Mwanza, kwa kalamu ya leza, bomba la sindano na simu. Mwongozo huu ni wa mwalimu au kiongozi wa klabu anayetaka wanafunzi wapime kitu halisi na kupata namba wanayoweza kuitetea.

Jambo moja lazima lieleweke kabla ya kugusa kifaa chochote: katika kazi hii leza ni sehemu rahisi, kazi yenyewe ni usafi. Tone lenye nusu kipenyo cha milimita 2 linaweza kufunikwa uso wake wote na tabaka la mafuta lenye unene wa molekuli moja, na mafuta yanayohitajika ni kama sehemu moja tu ya milioni kumi ya gramu. Alama ya kidole kimoja ina zaidi ya hapo. Kwa hiyo mwanafunzi aliyeshika ncha ya bomba kwa mkono mtupu atapima mafuta ya kidole chake, na ziwa atakuwa hajaligusa.

Usalama kwanza, na hapa sina mzaha

Tumia leza nyekundu ya daraja la 2, isiyozidi miliwati 1. Kalamu nyingi zinazouzwa mitaani hazina maandishi yoyote ya nguvu, na nyingine zina nguvu kuliko zinavyotangazwa. Isiyo na lebo inayoaminika usiiingize darasani. Funga leza mahali pamoja, mwale wake uwe chini ya usawa wa macho ya mtu aliyekaa, na weka kuta za boksi pande zote mbili za tone, kwa sababu tone na plastiki ya bomba hutawanya mwanga kwenda pande usizozitarajia. Saa na pete zivuliwe. Mtu asiinamie tone akitazama upande leza inakotoka. Leza isielekezwe dirishani kamwe: nje kuna madereva, kuna manahodha wa vivuko, na ndege zinazotua uwanja wa Mwanza hushuka karibu kabisa na ziwa.

Hatari ya pili ni kichocho. Mabuu yake hutoka kwa konokono wa maji baridi na hupenya ngozi ndani ya dakika chache. Wanafunzi wasiingie majini kuchota. Chota ukiwa juu ya mwamba, gati au mtumbwi, na kila anayeshika chupa avae glavu. Maji yakikaa siku mbili ndani ya chupa bila konokono, mabuu huwa yamekufa. Lakini kwa kuwa sampuli utazipima siku hiyo hiyo, glavu zibaki mikononi muda wote. Maji yenye utando wa kijani kama rangi iliyomwagika ni ya mwani unaoweza kuwa na sumu. Yachukue kwa uangalifu huo huo, na yasimwagikie mtu.

Vifaa

Unahitaji leza na kibanio cha nguo cha kubana kitufe chake, bomba la sindano la mililita 2 bila sindano, bomba la insulini la mililita 1 lenye mistari 100, stendi ya maabara au mbao mbili zilizopigiliwa vizuri, karatasi ya manila nyeupe, simu inayorekodi video ya mwendo wa taratibu, glavu, spiriti, chupa za kioo zenye vifuniko na kipande cha kioo cha dirisha chenye kingo zilizopigwa msasa. Kwa maji safi ya kulinganishia, nunua maji ya kuongezea kwenye betri katika duka la spea. Hakikisha ni maji, maana tindikali ya betri nayo huuzwa humo humo.

Kuhusu bomba la sindano: mengi yenye mpira mweusi kwenye pistoni hupakwa mafuta ya silikoni kiwandani ili pistoni iteleze. Mafuta hayo hutoka na maji na kukaa juu ya uso wa tone. Ukipata bomba ambalo pistoni yake ni plastiki tupu, chukua hilo. Ukikosa, osha ulilonalo mara nyingi na utumie hilo hilo kwa sampuli zote, ili kosa liwe moja kote.

Hatua ya 1: Kuchota maji mawili mahali pamoja

Watu wengi wangechota ndoo moja na kuridhika. Wewe unataka kujua uso una nini kuliko kina, kwa hiyo kila mahali chota mara mbili.

Maji ya chini: zamisha chupa ikiwa imefungwa, uifungulie chini ya maji kwenye kina cha nusu mita hivi, uifunge tena kabla ya kuitoa. Mkono usiingie majini: funga chupa kwenye mti na kifuniko kwenye kamba ya kuvutia.

Maji ya juu: chukua kile kipande cha kioo kilichooshwa, kitumbukize wima majini, kisha kivute juu polepole. Utando mwembamba wa maji ya juu utaganda kwenye kioo. Ukusanye ndani ya chupa kwa kukwangua kwa kipande safi cha plastiki. Rudia mpaka upate mililita 10. Ni kazi ya subira, na ndiyo njia ambayo watafiti wa bahari na maziwa wenyewe huitumia kupata tabaka la juu lenye unene wa sehemu ndogo ya milimita.

Mahali pa kuchota chagua penye tofauti. Mwaloni Kirumba, ambako samaki na dagaa hushushwa, maji yana mafuta ya samaki. Mdomo wa Mto Mirongo unaleta maji yaliyopita katikati ya jiji. Penye miamba ambapo watu hufua, kuna sabuni. Mbali na ufukwe, ukipanda mtumbwi na kuvaa jaketi la kuokolea, unapata maji ya kulinganisha. Wavuvi wanaijua ile michirizi laini inayoonekana ziwani upepo mdogo unapovuma, ambapo vijiwimbi vimelala na maji yanang'aa. Hapo kuna utando wa mafuta au wa mabaki ya viumbe. Ukiweza kuchota ndani ya mchirizi na nje yake, hatua chache tu kutoka pale, utakuwa na jozi bora kuliko zote.

Andika kwenye chupa mahali, saa, hali ya upepo na kama mvua ilinyesha. Pima siku hiyo hiyo.

Hatua ya 2: Kusafisha

Osha kila kitu kwa maji ya moto, kisha spiriti, kisha maji ya betri mara kadhaa. Usimalizie kwa kitambaa. Kitambaa kina mafuta na nyuzi. Acha vikauke vikiwa vimefunikwa. Sabuni usiitumie kabisa kuoshea, kwa sababu mabaki yake ndiyo hasa yatakayoharibu kipimo. Kuanzia hapa ncha ya bomba isiguswe na mtu.

Hatua ya 3: Kuhesabu matone bila leza

Huwezi kuelewa leza inakuambia nini kama hujapata namba ya kuilinganisha nayo. Jaza bomba la mililita 2, lisimamishe wima kwenye stendi, sukuma pistoni taratibu, na hesabu matone mpaka bomba liishe.

Tone huning'inia kwa sababu mvutano wa uso wa maji unalishika kwenye ukingo wa ncha. Uzito ukishinda mvutano, linaanguka. Mvutano ukipungua, tone huanguka likiwa dogo, na hivyo mililita zile zile hutoa matone mengi zaidi. Maji safi kwenye nyuzijoto 25 yana mvutano wa milinyutoni 72 kwa mita. Tuseme maji ya betri yametoa matone 40 na sampuli imetoa 50: zidisha 72 kwa 40, gawanya kwa 50, unapata takriban 58. Maji ya sabuni hushuka mara nyingi chini ya nusu ya 72.

Kasi ya kusukuma ni muhimu kuliko wengi wanavyodhani. Molekuli ya sabuni au ya mafuta huanza ikiwa ndani ya maji na lazima isafiri mpaka usoni. Tone likizaliwa na kuanguka haraka, uso wake haujapata muda wa kujaa, nawe utadhani maji ni safi. Subiri angalau sekunde 10 kwa kila tone. Kisha, kwa sampuli yenye uchafu, rudia kwa kasi, uone namba inavyobadilika. Hiyo tofauti ni kemia ya uso inayoonekana kwa macho, na ningependa kila mwanafunzi aione mwenyewe kabla ya kuambiwa maana yake.

Hatua ya 4: Kupitisha leza kwenye tone

Weka giza chumbani, zima feni na funga madirisha ya upande wa ziwa, maana upepo wa mchana utalitikisa tone lako. Ning'iniza tone kwenye ncha ya bomba. Lenga leza ipite katikati ya tone na ipige karatasi ya manila iliyo mita 2 mbele.

Tone la mviringo ni lenzi kali. Lenye nusu kipenyo cha milimita 2 hukusanya mwanga umbali wa kama milimita 4 kutoka katikati yake, kisha mwale unatawanyika. Ukutani, mita 2 mbele, kila kilichomo ndani ya tone kinaonekana kimekuzwa kama mara 500. Maji ya betri yataonyesha duara jekundu lenye mistari michache. Maji ya ziwa yataonyesha chembe zilizozungukwa na pete za mwanga, na pengine viumbe vidogo vinavyokimbia. Picha imepinduliwa: kinachoonekana kupanda kinashuka.

Wanafunzi watasahau kemia kwa muda hapa, na waache waangalie. Kisha warudishe kwenye kingo za duara lile. Umbo la mwanga ukutani linatokana na umbo la uso wa tone, na uso ukibadilika hata kidogo, mistari hiyo inahama. Chovya ncha ya kijiti cha meno kwenye sabuni ya maji, kisha iguse tone ubavuni, ukiweka mkono nje ya njia ya mwale. Picha itaruka, tone litarefuka, na kama lilikuwa kubwa litaanguka papo hapo. Rekodi tukio hilo kwa video ya taratibu ya simu.

Hatua ya 5: Kulitetemesha tone na kusoma mtetemo

Hiki ndicho kipimo chenyewe. Tone lililoguswa hutetemeka: hurefuka, hufupika, hurefuka tena, na kinacholirudisha kwenye umbo lake ni mvutano wa uso. Mwanafizikia wa Uingereza, Lord Rayleigh, alitoa kanuni ya mtetemo huo mwaka 1879. Kwa tone huru la maji lenye nusu kipenyo cha milimita 2, kanuni inatoa mitetemo kama 43 kwa sekunde. Mvutano ukipungua kuwa nusu, mitetemo inashuka hadi kama 30, kwa sababu idadi ya mitetemo hufuata kipeuo cha pili cha mvutano, yaani mzizi wake.

Tone lako limeshikwa na ncha ya bomba, si huru, kwa hiyo usiitumie kanuni moja kwa moja. Linganisha tu. Masharti ni mawili: matone yawe na ujazo sawa, na ncha iwe ile ile. Ili ujazo uwe sawa, weka maji kwa bomba la insulini: mstari mmoja ni mikrolita 10, nawe chukua mistari miwili, yaani mikrolita 20, ambayo hata maji yenye sabuni kidogo huweza kuishika. Ipachike taratibu kwenye ncha ya bomba kubwa, na ngoja dakika moja uso utulie na kujaa.

Piga stendi pigo dogo kwa kalamu. Doa la mwanga ukutani litacheza. Rekodi kwa fremu 240 kwa sekunde, kisha cheza video fremu moja moja na hesabu fremu za mitetemo 5. Ikiwa mitetemo 5 imechukua fremu 24, huo ni muda wa sekunde 0.1, yaani mitetemo 50 kwa sekunde. Rudia mara nyingi kwa tone jipya kila mara, utafute wastani. Ili kupata mvutano wa sampuli, gawanya mitetemo yake kwa ile ya maji ya betri, jibu lizidishe kwa lenyewe, kisha kwa 72. Ilinganishe na namba ya Hatua ya 3. Zikipishana kidogo ni kawaida. Zikipishana sana, rudi kwenye usafi.

Kuna kitu cha pili cha kuangalia kwenye video hiyo hiyo: mtetemo unazimika upesi kiasi gani. Uso uliofunikwa na utando wa mafuta hukataa kunyooshwa na kuminywa, hivyo huua mtetemo mapema. Sababu hiyo hiyo ndiyo inayolaza vijiwimbi kwenye michirizi ya ziwani. Mara nyingine sampuli ya maji ya juu itakuwa na mvutano unaokaribiana na maji safi, lakini mtetemo wake utakufa haraka zaidi. Usiipuuze. Hapo umeona utando mwembamba ambao kuhesabu matone peke yake kusingeuonyesha.

Wenye kompyuta wanaweza kuweka kipande kidogo cha sola, kama cha kikokotoo kilichokufa, mahali doa linapocheza, na kukiunganisha kwenye tundu la maikrofoni ili programu ya kurekodi sauti ichore mtetemo. Chomoa chaja na tumia betri: umeme wa nyumbani hutetemeka mara 50 kwa sekunde, karibu sawa na tone lako, nao utaingia kwenye mchoro, nawe utadhani umepima maji.

Leza ya kijani na maabara kubwa

Kalamu nyingi za leza ya kijani huanza na mwanga usioonekana wenye urefu wa wimbi wa nanomita 808, ambao huamsha fuwele itoe mwanga wa nanomita 1064, nao pia hauonekani. Fuwele nyingine huunganisha chembe mbili za mwanga huo kuwa moja ya nanomita 532, ambayo ndiyo kijani. Kalamu za bei rahisi mara nyingi hazina kichujio, zikavujisha mwanga usioonekana ambao jicho halijui kuukwepa. Ndiyo sababu nimesisitiza nyekundu.

Lakini kitendo hicho cha kuunganisha mwanga mara mbili, kilichoonyeshwa kwa mara ya kwanza mwaka 1961 huko Michigan na kundi la Peter Franken, ndicho pia chombo kikuu cha kuchunguza uso wa vitone. Ndani ya maji, molekuli zimeelekea kila upande, na mwanga maradufu unaotoka kwa moja unafutwa na wa nyingine. Usoni, ambapo upande mmoja ni maji na mwingine ni hewa au mafuta, molekuli zimejipanga, na mwanga wao haufutiki. Mtafiti akipiga kitone kwa mapigo mafupi ya leza ya nanomita 800, mwanga wa nanomita 400 anaoupokea unatoka usoni karibu wote. Mwaka 1996 kundi la Kenneth Eisenthal wa Chuo Kikuu cha Columbia lilionyesha kwamba hata chembe ndogo sana za plastiki zinazoelea majini hutoa ishara hiyo, na tangu hapo njia hii imetumika kwa matone ya mafuta ndani ya maji na vitu vingine vya ukubwa huo. Naye Arthur Ashkin, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 2018, alishaonyesha mwaka 1975 pamoja na mwenzake kwamba mwale wa leza unaweza kukiinua kitone na kukishikilia hewani bila kukigusa, kikachunguzwa bila ncha wala ukuta.

Mwanafunzi atakayesema vifaa vyetu ni duni mwambie habari za Agnes Pockels wa Braunschweig, Ujerumani. Hakuwa na shahada wala maabara. Alipima uso wa maji jikoni kwao kwa sinia la bati na mizani aliyoitengeneza, akamwandikia Rayleigh barua, na mwaka 1891 barua hiyo ikachapishwa katika jarida la Nature. Alichowazidi wengi wa wakati wake ni kujua namna ya kusafisha uso wa maji.

Kuandika matokeo

Kwa kila sampuli andika idadi ya matone, mitetemo kwa sekunde, muda wa mtetemo kuzimika, joto la maji na jina la aliyepima. Weka maji ya juu na maji ya chini ya mahali pamoja kwenye mstari mmoja, maana tofauti yao ndiyo unayoitafuta. Baada ya kila sampuli osha upya, kisha pima tena maji ya betri. Yakirudisha namba ile ile ya mwanzo, endelea. Yasiporudisha, futa matokeo ya sampuli iliyotangulia, osha bomba kwa spiriti, na uipime upya kabla ya kugusa chupa inayofuata.